Mahali Mwakio Alipoacha Nafasi

Mama Mwakio,

Pokea salamu za Malaba, ambako vumbi la malori linalala na mimi kitandani, kwa hivyo usiulize kama nina mwingine. Goti lako linaendeleaje? Langu limegoma, lakini tajiri wa yadi anasema mlinzi hahitaji kukimbia, akohoe tu.

Nimepata ujumbe kwamba ukoo utakutana mwezi ujao kugawa vitu vya mtoto wetu, na kompyuta inatakwa na binamu yake, aifute aanze upya. Kabla hawajagawa, sikia haya.

Unajua Mwakio alivyojifungia humu chumbani kwangu na hiyo mashine, akitengeneza muziki peke yake, mimi nikimwambia amefuga nyuki ndani ya debe. Niliporudi kutoka kumzika, nikaikuta mezani. Mimi na darasa la nne langu najua kubonyeza kidude kimoja tu, kile kirefu cha chini. Jumapili nikaibeba kwa Emong, jirani yangu Mteso, nikawakuta wamezunguka chungu cha ajon, pombe yao ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Nilitaka kuringa tu. Nikabonyeza. Nyuki wake wakaanza kuvuma, halafu sauti yake: "Moja, mbili, tatu, nne." Kisha kimya.

"Mzee, mashine yako imekufa," Emong akanitania.

"Aliyekufa ni mwenyewe."

Emong akaingia ndani, akatoka na adeudeu, kile kinubi chao, akapiga palepale penye kimya. Nabwire muuza chapati akaimba. Turnboi mmoja wa lori la Kampala akavuta jerikeni, akaifanya ngoma. Sasa kila Jumapili ni bendi, na mimi ndiye mbonyezaji mkuu.

Juzi niliwaambia mashine inatakwa nyumbani. Nabwire akasema, "Mpelekee mamake, mzee. Nyimbo tumeshazijua." Shida ni ile hesabu yake ya kuanzia. Wakataka nihesabu mimi, baba mtu. Nikafika mbili.

Naileta mwenyewe. Usikubali wamfute. Binamu akibisha nitamchapa kwa goti hilihili bovu.

Msalimie mama mkwe, mwambie bado niko hai, anisamehe. Msalimie na kaka mkubwa atakayeongoza kikao, na shemeji mwenye mbuzi wezi.

Siku hiyo kaa karibu nami. Nitabonyeza kile kirefu, atahesabu mpaka nne, halafu kimya. Usidhani imeharibika. Hapo alituachia nafasi.

Mimi mzee wako mkorofi,
Baba Mwakio