Dama apokelewa kwa Marafiki

Khamisa, epua chungu kwanza, usome. Dama amepokelewa kwa Marafiki, wale Wakristo wa kukaa kimya! Dama huyu huyu wa Kona ya Musa, asiyenyamaza hata akinywa maji!

Miaka miwili ameomba kupokelewa. Wale hawapigi kura. Wanatulia kimya, mwenye kupinga anasema, na wakishapeana mikono kikao kimefungwa.

Mzee Lusweti aliapa (na wao hawaapi!) kwamba leo atampinga: "Mwanamke yule atatumaliza kwa maneno."

Kimya kikaingia. Lusweti akalala. Akakoroma, shoga, akakoroma!

Dama akavumilia nusu saa, jasho linamtoka. Alipoona mzee anakaribia kuanguka kitini, akamwendea, akamnyooshea mkono: "Shikamoo, baba."

Lusweti akashtuka. "Marahaba, mwanangu." Akaupokea mkono!

Ukumbi mzima ukapeana mikono.

Karani akaandika: "Hakuna aliyepinga."

"Mimi napinga!"

"Kikao kimefungwa, mzee."

"Nilikuwa nimelala!"

"Niandike hivyo? Kwamba mzee wetu alilala ibadani?"

Lusweti akawatazama watu, watu wakatazama dari.

"Andika nilikuwa natafakari."

Dama akamletea chai. "Lakini ulitafakari kwa sauti, baba."