Bakuli Lenye Tobo

Jumatatu, 7 Julai 2025. Tanga
Mwaka wa arobaini na saba tangu mto umeze shamba letu la bondeni, Mohoro, nami nipande lori la mpunga kuja huku. Leo nimebandika bawaba mbili na kipande cha kandambili kwenye ubao wa picha yangu. Gundi mbovu. Kandambili imeanguka. Nimemtukana muuza duka. Hayupo, hajasikia.

Alhamisi, 10 Julai
Mzigo wa Seifu umefika kwa basi kutoka Kibiti. Mdogo wangu huyu ndiye pekee aliyebaki kule Mohoro. Nilimwomba vitu vilivyotupwa, nivitie kwenye picha. Katuma vifuu, jembe lisilo na mpini, ubavu wa mtumbwi, na bakuli jeupe lenye maua ya buluu. Lina tobo katikati. Duara, safi. Nimefurahi kama mtoto.

Jumapili, 13 Julai
Bakuli nimelikaza kwa saruji katikati ya ubao. Rangi ya matope kulizunguka. Tobo nimeliacha wazi. Kwenye picha, mto unaingilia hapo. Sijawahi kutengeneza picha bora kuliko hii. Zuhura, mke wangu, kaitazama sana. Akauliza nani alitoboa bakuli zima makusudi.  Kesho nitamuuliza Seifu.

Jumatatu, 14 Julai
Nimempigia Seifu. Limetoka kaburini kwa mama.
Kwetu bakuli la marehemu huwekwa kichwani mwa kaburi, nalo hutobolewa ili aliye hai asilitamani. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini mama alizikwa mimi nikiwa huku. Lake sikuwahi kuliona.
"Kaka, si ulisema unataka vya kuokota?"
"Nilisema vilivyotupwa, Seifu. Lile liliwekwa."
"Basi ningeliacha trekta lilikanyage? Ungebandika nini?"
Shamba la juu, lenye kaburi, alimpa mtu alime ufuta. Hata miti minne ya kuzungushia kaburi hakuchomeka. Nimekata simu. Punda. Ndugu yangu wa tumbo moja, punda.

Jumanne, 15 Julai
Hasira haijashuka. Nimechukua patasi na nyundo nilibandue. Pigo la kwanza, ufa kutoka ukingoni hadi kwenye tobo. Nimeacha. Saruji niliikoroga mwenyewe, nikaikoroga vizuri. Namchukia Seifu. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempigia tena. Nimemwambia nitalileta hivyo hivyo na ubao wake, anioneshe mahali pa kuliweka.  Kisha akasema taratibu:
"Kaka, bakuli ndilo lililokuwa mahali penyewe. Sasa ni mabua ya ufuta kotekote. Sipajui tena."
Analia. Nikamfokea aache. Hakuacha.

Jumanne, 22 Julai
Ubao nimeutundika ukuta wa kibla. Zuhura kafagia chini yake, kanyunyiza maji, kama wafanyavyo makaburini. Nimesoma Fatiha. Rangi bado inanuka.
Mohoro sitarudi.