Msasa wa Ndani ya Bakuli

Mjukuu wangu Kulwa,

Mwangaluka. Sisi huku Somanda tu wazima. Bibi yako amevuna mpunga na anajisifu kwa kila mpita njia.

Umeuliza ununue kifaa gani cha kupigia msasa ndani ya mabakuli ya mbao ya kukereza. Nitakujibu kwa kisa cha aibu yangu.

Serikali ilipofungua milango ya biashara, maduka ya Bariadi yalijaa vitu kutoka nje, nami nikanunua drili yenye kisahani kigumu cha msasa. Nilikuwa nikimposa bibi yako, na baba yake, mzee wa Kasoli, alitaka bakuli aone kazi yangu. Kisahani kile kilifaa ubao ulionyooka. Ndani ya bakuli kiliuma kwa ukingo, nami kwa kiburi nikazidi kukandamiza hadi kikatoboa kitako.

Siku ya kuonana ilikuwa imefika, nikalipeleka hivyo hivyo. Mzee akaliinua, akanichungulia kupitia tundu.

"Kijana, uji wangu utakaa wapi?"

Bibi yako akacheka hadi akakaa chini. Kisha akavua kandambili, akaikunja mbele yangu. "Hata kibuyu hatukisugui kwa ubao. Weka kitu laini kama hiki nyuma ya msasa, kifuate tumbo la bakuli."

Nikakata soli ile duara, nikakereza bakuli jingine. Mzee alipitisha kidole gumba ndani akitafuta kosa, akalikosa.

"Haya, ng'ombe mtaleta lini?"

Basi nunua chenye sponji, wala usikandamize. Na akikucheka mtu anayeijua kazi, usinune. Mimi wangu nilimwoa.

Babu yako