Neno la Kuvuta Mwishoni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejua kwamba mimi ni mjinga mwenye cheti.

Nilimpelekea mpiga chapa masomo yangu ya mahubiri, wanafunzi wapate kuyapitia kabla ya mtihani wao wa uchungaji mbele ya wazee wa kanisa wiki ijayo. Akachapa kurasa mbili, akasimama. Akauliza kwa upole hili neno ni lipi kati ya yale mawili. Mawili yapi? Akaniambia huku akitazama mashine yake. Kumbe kwa lugha ya hapa, samehe na sahau ni kama neno moja. Ukilivuta mwishoni, umesamehe. Ukilikata, umesahau.

Mimi nalikata. Nimelikata miaka mitatu! Kanisa la nyumbani lilinivusha bahari nije kufundisha wachungaji, nami nimekuwa nikisimama kwenye mazishi na kuwatangazia wafiwa kwamba Mungu amemsahau marehemu wao. Wakaitikia amina!

Sikula chochote. Nimejifungia na vitabu vyangu, navyo vinanitazama.

Jumanne, 5 Machi

Nimewauliza darasani kwa nini hawakuniambia. Watu wazima kumi na mmoja, wote wakatazama chini. Mwishowe akajibu Fundi Viatu, maana ndiye hujibu wenzake wakikwama. Mwalimu hasahihishwi mbele za watu, akasema, na mimi hawajawahi kunikuta bila watu. Mwaka wa kwanza walikuwa wakicheka wakishafika nje. Wa pili wakazoea.

"Na huu wa tatu?"

"Huu wa tatu sote tunasema kama wewe, Mwalimu."

Wote! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo — na hawa wengine wana wajukuu.

Nikampigia simu dada. Alicheka mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Mdogo wangu, miaka mitatu unawaambia Mungu amewasahau, na bado wanakuja darasani? Hao wape kanisa kesho."

Alhamisi, 7 Machi

Siku tatu za kuvuta. Tumevuta asubuhi, tumevuta mchana, mlinzi wa geti naye sasa anavuta. Kumi wamenyooka. Fundi Viatu bado anakata.

Nina hofu naye. Ushonaji viatu aliujifunza gerezani, miaka minne, kwa kumjeruhi ndugu yake wa tumbo moja. Mtaa wa kiwandani hauna mchungaji na wanamtaka yeye, hawataki mwingine. Wazee wanasitasita. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu wa lugha, anasikia kosa la sarufi kama wengine tunavyosikia mbu. Fundi akishindwa, mtihani mwingine ni baada ya miaka miwili.

Nikambakiza baada ya darasa. Nikamwuliza ulimi una nini. Akasema ulimi hauna shida. Kumbe anakata kwa kupenda! Siku ya kwanza alipofika hapa alileta viatu vya mwanafunzi mmoja, akasimama mlangoni akingoja nimalize, akanisikia nikisema Mungu ameyasahau makosa yetu. Akaketi. Tangu siku hiyo hajaondoka.

"Kusamehewa nakujua, Mwalimu," akasema. "Ndugu yangu alinisamehe. Kila tukikaa mezani ananikumbusha kwamba alinisamehe."

Mimi na vyeti vyangu! Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada nimemwomba Fundi avute. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mtaa wake. Akasema atajaribu. "Nitajaribu" yake naijua, ndiyo aliyonipa kuhusu viatu vyangu vya kahawia, na mpaka leo kisigino kinalegea.

Ningeweza kumwendea mwenyekiti nikamweleza kwamba kosa ni langu. Lakini mwezi huu yeye ndiye anaandika ripoti, kama nibaki hapa au nirudishwe nyumbani. Anaandika mtu yuleyule! Nimefika mpaka kwenye ngazi za nyumba yake. Nikarudi. Naandika hapa ili angalau pawe na mahali pamoja nilipokiri: niliogopa.

Jumatano, 13 Machi

Benchi la korido, nje ya chumba cha wazee. Naandikia magotini.

Wale kumi walipita jana na leo asubuhi, wote walivuta. Fundi Viatu akawa wa mwisho. Wazee saba mezani, mimi kwenye kiti cha nyuma. Alihubiri vizuri, sauti haikutetemeka. Likaja lile neno. Akanitazama — akalikata. Mara tatu, kama anapiga misumari kwenye soli!

Mwenyekiti akavua miwani, akauliza ni nani alimfundisha hivyo. Akauliza tena. Fundi akasema ameliokota mwenyewe mtaani, watu wa kiwandani hawana sarufi. Uongo! Kwenye mtihani wa uchungaji! Na ni kwa ajili yangu.

Nikasimama. Kisigino cha kiatu cha kahawia kikabaki sakafuni. Nikasema ni mimi, miaka mitatu, mtu huyu hana kosa. Nikawaomba wanisamehe.

Nikalikata.

"Nisahauni," nimewaambia wazee saba wa kanisa, kwa sauti yangu ya kufundishia.

Mama mzee aliyekuwa pembeni ya meza akauficha uso kwa leso, mabega yakitikisika, na wengine wakafuata. Mwenyekiti hakucheka. Alimwuliza Fundi swali moja tu: wenzako kumi wamevuta, wewe umekataa, kwa nini? Fundi akamweleza habari za ndugu yake na ile meza. Mwenyekiti akavaa tena miwani yake. Kisha akatuambia tutoke.

Sasa Fundi anashona kisigino changu, sindano na uzi vimetoka kwenye mfuko wa koti lake la mtihani. Nimemkaripia kwa ule uongo. Akaniomba nimsamehe — na amevuta vizuri kuliko wote, mjanja huyu! Nimemwambia yameisha.

Ndani walikuwa wakibishana. Wamenyamaza. Anasema mwenyekiti peke yake. Nimesikia "Fundi Viatu", na baada yake lile neno. Fundi naye amelisikia, sindano imesimama.

Mlango ni mzito. Mwisho wa neno hatukuusikia.