Mtondoo wa Bibi Mwatima

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Habari kutoka kijijini kwetu Pete, na si njema. Ule mtondoo mkubwa msituni, nyuma ya kwa bibi, unakatwa Jumatatu ijayo. Tajiri wa mbao keshautia alama ya chokaa. Bibi Mwatima kaniletea salamu kwa dereva wa gari la shamba: hataki fidia, anataka picha. Mti mzima, toka mizizi mpaka kileleni, na yeye chini yake. Kitovu chake kimezikwa pale. Cha mama pia. Changu pia! Na mimi miaka mitatu sijakanyaga huko. Leo kutwa studio mawazo yangu yako huko. Picha ya bi harusi wa watu nimeipaka rangi, shavu moja jekundu kuliko la pili.

Jumatano, 5 Septemba
Kamera ipi? Ya boksi nyepesi, inaingia kikapuni. Nimeijaribu kwenye mvinje pale Forodhani — nusu ya mti imebaki nje, na ningerudi nyuma zaidi ningeangukia baharini. Msituni hamna hata hapo pa kurudi nyuma. Na giza! Kamera kubwa ya studio, ya miguu mitatu, ingeumeza mti wote, ila nzito kama mtoto aliyegoma kutembea. Nimemwomba Mkadam, mwenye studio. Kacheka. Eti kazi yangu kupaka picha rangi, si kupiga. Nimetoka bila ya kuaga.

Alhamisi, 6 Septemba
Mkadam kalainika! Kanipa kamera kubwa na vioo viwili vya kupigia, basi. Picha mbili. Kikivunjika kitu nisirudi. Kanifundisha: msituni lenzi ikae wazi mpaka nihesabu kumi, na anayepigwa asitikisike hata kidogo.

Jumapili, 9 Septemba
Pete. Tumeingia msituni mimi na bibi. Kavua viatu, kapiga hodi mbele ya mti. Nami nikavua. Nilikuwa nimeusahau ukubwa wake. Nimelia, sioni haya kuandika.

Nikamsimamisha penye mizizi, nikaingia chini ya kitambaa cheusi. Mti wote umo! Nikafungua lenzi. Moja, mbili... kwenye sita akatokea Simai, msimamizi wa wakataji, kaja kuukagua mti.

"Shikamoo, Bi Mwatima!"

Bibi akageuka. "Marahaba, Simai. Watoto hawajambo?"

Kioo kimoja kimekwenda!

"Bibi! Si nimekwambia usitikisike?"

"Kaniamkia mtu. Ulitaka nimnyamazie?"

"Huyo ndiye anayekuja kuukata mti wako!"

"Nnajua. Lakini keshaniamkia."

Simai uso ukamshuka. Kasema nipige nyingine, lakini jua lilikuwa limeshaondoka. Basi kamwahidi bibi: kesho hakiguswi kitu mpaka apigwe picha yake.

Jumatatu, 10 Septemba
Saa mbili asubuhi. Naandika nimekalia sanduku la kamera. Wakataji sita, misumeno wameilaza chini. Bibi na kanga yake mpya keshasimama. Simai kauliza, tayari? Nimesema mwanga haujafika. Kweli haujafika.

Saa nne. Wingu. Hilo nalo kweli.

Saa tano na nusu. Upepo, majani yanacheza. Si sana. Tajiri wa mbao katuma mtu kuuliza kulikoni. Simai kamjibu kuwa kaahidi, na aliyemwahidi ni Bi Mwatima, kwa hiyo tajiri atasubiri. Wakataji wanagawana mihogo. Bibi keshakaa kwenye mzizi, ananitazama.

"Mwanakheir, hiyo kamera ina maradhi?"

Nimesema haina. Simai si mjinga, wala bibi.

Saa sita na robo. Jua limepenya mpaka kwenye mizizi. Hakuna jani linalotikisika. Mwanga huu siupati tena maisha yangu. Bibi kainuka, kajitengeneza kanga, kasimama wima, hapumui. Simai kaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Nimemwambia bado.