Shikamoo ya Chui wa Hanang

Loveness, uko wapi wewe. Basili kaumbuka leo Katesh, mbele ya mnada mzima.

Unajua mama anaamini huyu kaka yangu bado anacheza mpira, ni beki, kama alivyokuwa kule chuo cha ualimu. Kumbe miaka miwili sasa anacheza mieleka ya kulipwa, anavaa kinyago, anaitwa Chui wa Hanang, na mimi ndiye namtunzia siri.

Leo wameweka ulingo pale mnadani. Chui kaingia ananguruma, anatishia watu, mpaka mbuzi wakakata kamba. Mara mpinzani wake, lile jitu la Singida, likamnyanyua likamtupa nje ya ulingo.

Kaangukia wapi? Miguuni pa mama. Mama aliyetuaga kwamba anaenda kuuza mbuzi tu.

Chui kainua kichwa, kamwona, neno likamponyoka: "Shikamoo mama."

Shikamoo, Loveness. Chui mzima. Na kinyago usoni.

Mama kaitikia marahaba kama kawaida, halafu kainama kukitazama kile kinyago. "Basili?"

Jitu likaja kummalizia. Mama akanyoosha fimbo yake ya kuswagia: "Subiri, naongea na mwanangu." Jitu likasimama, likainama. "Shikamoo mama." Na refa naye akaamkia. Watu hoi kwa kicheko.

Basili kavua kinyago. Mimi nimejibanza nyuma ya lori la ng'ombe, najua zamu yangu inakuja.

Mama kamtazama juu mpaka chini, na ile kaptula ya madoadoa iliyombana, akauliza taratibu kabisa: "Na mpira uko wapi?"