Chumba cha Juu

Jumatatu, 3 Machi

Leo natimiza miaka thelathini na minne tangu niondoke nyumbani. Na leo nimemaliza tena riwaya yangu, ile ya mjane wa fundi saa. Jalada linashikiliwa na gundi, na gundi yenyewe imechoka. Kila nikiimaliza hukaa siku mbili tatu sijui nisome nini.

Dada alipiga simu. Mambo yametulia huko kwetu, anasema, nirudi nikakae naye kwenye nyumba ya wazazi. Fundi rangi amekuja, nichague chumba. Nikamwambia kile cha juu, pale ngazi inapoishia.



"Ngazi ya wapi, kaka? Nyumba yetu haijawahi kuwa na ghorofa."

Ile ya mbao, nikamwambia — mama akishuka na taa, amekinga moto kwa kiganja. Akacheka mpaka akapaliwa. Mama na goti lile? Apande juu kufuata nini?

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua riwaya. Mjane anashuka ngazi. Taa. Kiganja. Hata ule ubao unaolia ukikanyagwa — umo.

Miaka yote hii namlilia mama wa kwenye karatasi. Nimejaribu kumwona wangu bila ile taa. Sikumpata. Sikula mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Maktaba. Nilimwambia mkutubi, yule binti mwenye ulimi, anipe chochote.

"Kitabu cha hapa hapa, babu?"

Huwa namkatalia. Sisomi riwaya za mji huu, mimi mpita njia.

"Mpita njia gani kadi yake imechakaa hivi?"

Nikakichukua. Kinahusu familia ya madobi, mtaa wa nyuma ya stesheni. Mtaa wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Dada tena, asubuhi. Fundi anataka rangi. Nikamuuliza kwanza: mama alikuwa anaingiaje chumbani kwetu, usiku?

"Si alikuwa anakohoa mlangoni, tusishtuke? Kaka, umesahau na hilo?"

Nimesahau. Hata alipolitaja sikulisikia sikioni. Nililipokea tu, kama habari za jirani. Anasema fundi ameshaanza kununa, niseme rangi. Nikasema nitampigia jioni.

Nimekaa na kitabu kipya. Mwandishi ana maneno mengi, na dobi mkubwa simpendi. Lakini ukurasa wa kwanza mvua inanyesha, watu wamesimama chini ya saa ya stesheni, na saa inachelewa. Nikaweka kitabu, nikaenda dirishani. Saa ipo pale, juu ya mlango wa stesheni. Nikailinganisha na ya mkononi.

Kweli, inachelewa.

Nimerudi kitini. Simu inalia — dada, hakungoja jioni. Atanuna, atasema kitabu kimeniharibu akili. Rangi achague yeye, ya kumpendeza yeye. Mimi sirudi.